Shajara ya mradi: Subaru Impreza WRX ya 2005, injini EJ205, Unguja

Gari: Impreza WRX, chesisi GDA, gia tano za mkono, injini EJ205 yenye turbo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini kwa presha), cc 1,994, farasi 250 kwa hesabu ya kiwandani Japani. Dashibodi inasoma kilomita 138,000. Imenunuliwa kwa 11,500,000. Kazi inafanyika Mwanakwerekwe. Bei zote ni shilingi za Tanzania kama zilivyolipwa siku ya kununua, na nauli ya spea kutoka Dar imewekwa mstari wake. Mwenye Forester ya turbo ya SG5 anaweza kufuata karibu kila kitu hapa, maana injini ni hiyo hiyo.

Mpangilio wa kazi: oili kwanza, kisha mkanda wa taimingi unaoendesha vali, kisha maji ya kupozea, umeme na hewa mwisho. Wengi huanza na ekzosi kubwa na rimu, kisha injini inanoki (inagonga kwa ndani) baada ya miezi mitatu.

13 Januari 2024. Ukaguzi kabla ya kulipa

Injini ilikaguliwa baridi, asubuhi, kabla muuzaji hajaigusa. Kwa Subaru ya turbo sharti hili lisilegezwe. Mlio wa pistoni kugonga kuta husikika dakika za mwanzo tu, na oili iliyochuruzika usiku hutoa moshi wa bluu pale ufunguo unapozungushwa. Ukikuta injini imeshapashwa moto, ahirisha ukaguzi.

Hii iliwaka na moshi mdogo wa bluu, ukakata, kisha ukarudi kila gari iliposhuka mteremko kwa gia na kukanyagwa mafuta tena. Mlio wa kunoki haukuwepo. Maji hayakutoa mapovu kwenye tangi la akiba hata injini ilipopigwa resi ikiwa moto, kwa hiyo gasketi za hedi hazina dalili mbaya. Hazitaguswa.

Kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda, kwa psi, kipimo cha presha), silinda 1 hadi 4: psi 152, 150, 148, 138. Kiwango cha kiwanda ni takriban 142 hadi 171, ukomo wa chini 128, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi kama psi 7. Silinda ya 4 ndiyo mgonjwa.

Hapa mafundi wengi humimina oili kidogo kwenye tundu la plagi na kupima tena: psi ikipanda, ringi zimekwisha. Kwenye Subaru kipimo hicho kinadanganya, kwa sababu silinda zimelala ubavu. Oili inakaa upande wa chini tu na haizungushi ringi yote. Kilichofanyika ni kufunga pistoni juu, kuingiza upepo wa kompresa kwenye tundu la plagi na kusikiliza unakotokea. Ukitokea kwenye kijiti cha oili, ni ringi au pistoni. Kwenye mdomo wa hewa, ni vali ya kuingiza. Kwenye ekzosi, ni vali ya kutolea. Huu ulitoka kwenye ekzosi, na hiyo ni habari njema, maana vali hurekebishwa bila kupasua bloku.

Mengine: stika ya gereji ya Japani inayoonyesha kilomita za kubadilisha mkanda wa taimingi haikuwepo popote chini ya boneti, kwa hiyo mkanda unahesabiwa wa zamani hata muuzaji aseme nini. Karatasi ya mnada wa Japani, inayoeleza hali ya gari, iliombwa na ikapatikana, daraja 3.5. Ingekuwa R au RA, maana yake gari iliwahi kugongwa na kutengenezwa, na bei ingepaswa kuwa nyingine kabisa. Gharama ya ukaguzi: 40,000.

27 Januari. Oili na turbo

Oili iliyotoka ilikuwa nyeusi na nzito, na filta ilikatwa kwa msumeno ili karatasi yake ikunjuliwe. Kata filta kila mara, haigharimu kitu. Ndani kulikuwa na chembe ndogo za rangi ya dhahabu, hazishikwi na sumaku. Chembe hizo zinaweza kuwa za beringi za turbo, ambazo ni shaba, au tabaka la shaba la beringi za konrodi (fimbo zinazounganisha pistoni na krenki). Tofauti ya gharama kati ya majibu hayo mawili ni mamilioni, kwa hiyo haikubahatishwa.

Swichi ya oili ilitolewa na geji ya kawaida ya presha ikafungwa mahali pake. Kiwango cha Subaru oili ikiwa na joto la nyuzi 80: si chini ya psi 14 injini ikizunguka bila kukanyagwa, na si chini ya psi 43 kwenye mizunguko 5,000. Iliyopimwa: 17 na 61. Beringi za konrodi zilizochakaa sana kwa kawaida hazishiki presha hiyo, basi bloku ikaachwa ilivyo. Pasua bloku ya EJ (ukoo wa injini hizi za Subaru) pale tu kipimo kinapokulazimisha. Beringi za konrodi huzifikii kwa kufungua sampu (karai la oili chini ya injini) kama kwenye injini zilizosimama, lazima nusu mbili za bloku zitenganishwe, na pini za pistoni huvutwa kupitia matundu ya pembeni kwanza. Makadirio ya kazi hiyo mjini, pamoja na beringi, ringi, gasketi na kuchonga hedi, yalikuwa 3,800,000.

Turbo ilipofunguliwa bomba la hewa, shafti ilicheza ubavu hadi panga zikagusa ganda. Imekufa. Chanzo kilionekana kwenye bomba la oili linaloilisha, nyuma ya injini upande wa kulia. Bolti yake ina tundu katikati, na ndani kuna chujio dogo la waya. Chujio lilikuwa limeziba kwa masizi karibu lote. Oili ikibadilishwa kwa kuchelewa, chujio hili ndilo la kwanza kuziba, na turbo inazunguka kavu. Kifaa kinachoiacha injini iungurume dakika mbili baada ya kuzima hakisaidii kitu kama oili haifiki.

Kuna mafundi wanaolitoa chujio na kufunga bolti tupu. Sisi tumeweka bolti mpya yenye chujio na washa mpya za shaba, na itabadilishwa tena kila mkanda wa taimingi unapobadilishwa. Sababu ni kwamba mfumo bado una uchafu wa zamani, na turbo mpya isiyo na chujio ingeupokea wote.

Turbo ya mtumba kutoka Dar: 700,000. Kabla ya kuifunga ilijazwa oili kwa mkono. Fyuzi ya pampu ya petroli ikatolewa, kisha injini ikazungushwa kwa stata mpaka taa ya oili ikazima. Bolti, washa, gasketi na hozi ya kurudishia oili: 110,000. Oili sintetiki 5W-40, lita 4 na ushei, pamoja na filta: 145,000. Kuanzia sasa oili ni kila kilomita 5,000, na kijiti kinatazamwa kila gari inapowekwa petroli. EJ ikipungukiwa lita moja na kupigwa kona kali, pampu inaweza kunyonya hewa.

17 Februari. Moshi umerudi

Turbo nyingine, moshi ule ule. Rai ya kwanza gerejini ilikuwa turbo ya mtumba ni mbovu, irudishwe. Haikuwa hivyo, na hatua hii ndiyo yenye faida zaidi kwa anayefuata shajara hii.

Turbo humwaga oili yake kwa kuchuruzika tu. Hakuna pampu ya kuivuta, inashuka kwa uzito wake kwenye hedi ya kulia. Ndani ya injini kukiwa na presha, oili haishuki, inajaa kwenye turbo na kupenya kwenye sili zake, hata ziwe mpya. Kwa hiyo kabla ya kuilaumu turbo, pima upumuaji wa injini. Iache iungurume ikiwa moto, fungua kifuniko cha kumiminia oili, weka mfuko mwembamba wa nailoni juu ya tundu. Ukivutwa ndani, injini inapumua sawa. Ukipeperushwa, kuna presha. Wetu uliruka.

Vali ya upumuaji, ile inayofungwa kwenye hozi nyuma chini ya manifoldi, ilikuwa imeganda, ukiitikisa hailii. Hozi mbili za kupumulia zilikuwa ngumu na zimepasuka upande usioonekana. Vali na hozi mpya: 85,000. Baada ya hapo mfuko ulivutwa, na moshi ukapungua kwa kiasi kikubwa bila kuisha. Mabaki yalikuwa oili iliyolowana kwenye interkula (kipoza hewa ya turbo) na mabomba. Interkula ilishushwa, ikaoshwa kwa petroli kidogo, ikakaushwa juani na kurudishwa. Moshi ukaisha.

Oili ya awamu hii ilimwagwa mapema na filta kukatwa tena. Chembe za dhahabu zimebaki chache sana. 145,000 nyingine.

9 Machi. Injini nje: mkanda, tapeti, sampu

Mkanda unaweza kubadilishwa injini ikiwa ndani, lakini tapeti (vikombe kati ya kamshafti na vali) za silinda ya 4 zinahitaji kamshafti zitoke na nafasi ya ubavuni haipo. Injini ikashushwa kabla ya Ramadhani.

Kikwazo kinachowapotezea watu muda ni klachi ya WRX hii ya gia tano, ambayo ni ya kuvuta, si ya kusukuma. Beringi yake imenasa kwenye sahani, na injini haitengani na gia boksi hata uvute kwa winchi. Kwenye ganda la gia boksi kuna kizibo cha spana ya ndani ya milimita 10. Kitoe, ingiza bolti ndefu ya milimita 6 kwenye shafti ya uma wa klachi na uivute nje. Uma ukilegea injini inatoka kwa urahisi. Kuna gia boksi hapa mjini zenye masikio yaliyovunjika kwa sababu ya kutolijua hili.

Sampu ilifunguliwa kwa kuwa injini iko nje tayari. Chujio la bomba la kunyonyea oili lilikuwa na nyuzi za silikoni, karibu nusu yake limezibwa. Mtu aliyewahi kufunga sampu alimimina silikoni kwa ukarimu, na ziada ikaingia ndani. Uzi wa silikoni uwe mwembamba, kama milimita 3, na uachwe ushike kabla ya kumimina oili. Bomba lilibadilishwa badala ya kusafishwa, kwa sababu mabomba haya pia hupasuka kwenye welding na ufa hauonekani kwa macho: 95,000.

Tapeti. Vali mbili za kutolea za silinda ya 4 zilikuwa zimebana kwa kama milimita 0.10 kuliko vali nyingine za upande huo. Vali ya kutolea huzama kidogo kidogo kwenye kiti chake miaka inavyokwenda, nafasi inapungua, na inafika mahali haifungi kabisa injini ikiwa moto. Hakuna mlio wowote wa kukuonya. Dalili ni kompresheni kushuka na injini kutetema ikizunguka bila kukanyagwa. Injini hii haina skrubu ya kurekebishia. Kuna vikombe vinavyouzwa kwa unene tofauti. Hesabu ya unene wa kikombe kipya: unene wa kikombe cha zamani, jumlisha nafasi uliyopima kwa fila geji, toa nafasi inayotakiwa. Namba ya nafasi itoke kwenye kitabu cha injini yako, kwa sababu matoleo ya EJ hayafanani kwa vali za kutolea. Vikombe vyote 16 vilipimwa kwa maikromita na kuandikwa, na kwa kubadilishana nafasi tu vikapatikana vingi vilivyofaa. Vilivyonunuliwa vipya ni 4, kwa 28,000 kila kimoja.

Mkanda. Seti ya kwanza, 260,000, ilinunuliwa kwa bei nafuu ikiwa kwenye boksi lenye jina linalojulikana. Mkanda wenyewe haukuwa na tatizo la kuonekana. Puli moja ilikwaruza ikizungushwa kwa kidole, na tenshona (kifaa cha kukaza mkanda) ilizama kwa kusukumwa na mkono, jambo ambalo tenshona nzima haikubali. Duka halikurudisha pesa. EJ205 mkanda ukikatika vali hukutana na pistoni, na mara nyingi anayeua injini ni puli iliyokwama, mkanda wenyewe ukiwa bado mzima. Kwa hiyo usinunue mkanda peke yake ukaacha puli za zamani. Seti ya pili ya Aisin, mkanda, tenshona, puli na wota pampu: 620,000.

Mambo matatu ya kushika wakati wa kufunga:

Alama ya krenki siyo mshale ulio usoni mwa gia ya taimingi. Ni mstari ulio kwenye ulimi wa nyuma ya meno, nao unalingana na alama ya juu kwenye bloku. Anayetumia mshale anafunga taimingi vibaya na kugundua baada ya vali kupinda.

Kamshafti za upande wa kushoto zimebanwa na springi za vali. Ukizilegeza zinaruka zenyewe kwa nguvu. Zishike kwa spana na usizungushe moja huku nyingine ikiwa imesimama vibaya, vali za kuingiza na za kutolea zinaweza kugongana.

Tenshona mpya huja na pini. Ukilazimika kuibana tena, tumia vaisi wima, polepole sana, dakika kadhaa, kisha pitisha pini ya milimita 2. Ikibanwa haraka sili yake ya ndani inapasuka. Na kile kibamba kidogo juu ya gia ya krenki kisiachwe nje: kwenye gari za gia za mkono kinazuia mkanda kuruka meno, na kinakaa kama milimita 1 kutoka kwenye mkanda.

Sili za kamshafti na krenki pamoja na gasketi za vifuniko vya vali: 180,000. Klachi ikabadilishwa kwa sababu injini iko nje, 420,000, na flaiwili kuchongwa 40,000. Ufundi wa kutoa na kurudisha injini: 350,000.

20 Aprili. Injini ndani, joto juu

Baada ya Idi injini ilirudi. Kompresheni mpya: 153, 151, 150, 149. Silinda ya 4 imepona bila hedi kufunguliwa.

Barabarani Bububu gari ilikwenda vizuri. Kwenye foleni ya Darajani mshale wa joto ukaanza kupanda. Rejeta ya zamani ilikuwa na ufa wa unywele kwenye tangi la plastiki la juu, pale linapokutana na aluminiamu. Ufa hufunguka presha inapopanda, ikipoa huoni kitu. Rejeta mpya ya aluminiamu: 380,000. Hozi mbili: 90,000.

Joto likapungua, halikuisha. Sababu ya pili ilikuwa thamostati (mlango unaofungulia maji kulingana na joto) ya 15,000. Thamostati ya EJ inakaa chini, kwenye mdomo wa wota pampu, maji yaliyopoa yanapoingia. Inahitaji kipimo sahihi na mlango mkubwa, na nyingi za bei rahisi zina kichwa kidogo. Zote mbili zilitumbukizwa kwenye sufuria ya maji ya moto na kipimajoto. Ile ya kiwanda, 65,000, ilianza kufunguka karibu na nyuzi 78. Ile ya bei rahisi ilisubiri hadi 86, na ilipofunguka ilifunguka nusu. Hapa kwetu hewa yenyewe ina nyuzi 30 na zaidi, huna nafasi ya kupoteza.

Kumimina maji: WRX ina vifuniko viwili, kimoja kwenye tangi la chuma karibu na turbo na kimoja kwenye rejeta. Presha zao hazilingani. Usivibadilishane na usinunue kimoja ukakidhania kinafaa kote. Vyote viwili vipya: 50,000. Maji ya kolanti yaliyochanganywa huingia kupitia tangi la chuma hadi yajae, skrubu ya kutolea hewa kwenye rejeta ikiwa wazi, kisha injini inaachwa iungurume, hita ikiwa wazi kabisa, mpaka feni ziwake mara mbili. Takriban lita 7 na nusu. Kolanti: 70,000. Maji ya bomba ya mjini yana chumvi na chokaa, na aluminiamu haiyapendi. Changanya na maji yaliyotoneshwa (distilled).

Wakati rejeta iko nje, kondensa ya AC ilionekana mapezi yake yameliwa na chumvi. Inapitisha hewa kwa shida na inaongeza joto la rejeta nyuma yake. Haijabadilishwa, imeoshwa tu kwa maji ya presha ndogo.

18 Mei. Kumisi kwenye presha

Kimbunga Hidaya mwanzoni mwa mwezi kilisimamisha boti na plagi zikachelewa. Gari ilikuwa inamisi (silinda inakosa kuwaka) kuanzia mizunguko 4,000 turbo ikiwa imejaa. Chini ya hapo ilikuwa safi.

Plagi nne mpya, pengo milimita 0.75: 140,000. Kufikia plagi ondoa betri upande mmoja na boksi la hewa upande wa pili, usijaribu kuzichokoa kutoka juu. Kumisi kukapungua. Koili ya silinda ya 2 ikahamishiwa silinda ya 4, na kosa kwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari likahama nayo. Koili moja: 110,000. Usinunue nne kabla ya kuzihamisha hivi.

Bado gari ilivuta kama imekabwa. Hii inaweza kuwa dalili ya njia ya hewa kuvuja baada ya sensa. Sensa ya hewa iko mwanzoni mwa njia. Inahesabu hewa iliyopita, kompyuta inamwaga petroli ya kiasi hicho, lakini hewa nyingine imenyonywa njiani bila kuhesabiwa. Mdomo wa njia ya hewa, baada ya sensa, ulizibwa kwa kipande cha bomba chenye vali ya tairi, na upepo wa psi 10 ukaingizwa. Sauti ilitoka chini ya manifoldi: mpira mkubwa unaopeleka hewa kwenye turbo umepasuka kwenye kiwiko. Huu hauonekani bila kuinua manifoldi, ndiyo maana unasahaulika. Wa mtumba mzima: 130,000. Dawa ya kusafishia sensa ya hewa: 25,000.

Mashine pia ilitoa kosa la sensa ya noki. Ganda lake la plastiki lilikuwa na nyufa, ugonjwa wa kawaida kwa injini hizi, na ikiharibika kompyuta inarudisha moto nyuma (inachelewesha cheche za plagi) na nguvu inapotea. Mpya 120,000, ikafungwa kwa Nm 24. Ikikazwa kupita kiasi inasikia kelele zisizokuwepo.

Kuhusu petroli: Japani petroli ya daraja la juu huuzwa kwa oktani karibu 100, na programu ya WRX imeandikwa kwa mafuta hayo. Petroli ya vituo vyetu haifiki hapo. Kompyuta inajirekebisha kwa kutumia ile sensa ya noki, na ndiyo sababu sensa mbovu hapa ni hatari zaidi kuliko kule. Presha ya turbo haitaongezwa kwenye gari hii.

15 Juni. Miguu, gia na kutu

Beringi za magurudumu ya nyuma ziliunguruma kuanzia kilomita 60 kwa saa. Jozi 240,000, presi 40,000. Zisipigwe nyundo, zikipigwa zinarudi kuunguruma upesi. Bushi 150,000, pedi za breki za mbele 130,000.

Oili ya gia boksi 75W-90 GL-5 lita 3.5, difu ya nyuma lita 0.8: 110,000 kwa zote. Gia ya tatu inalia ikivuta mzigo. Gia ya tatu ndiyo udhaifu wa gia boksi hii ya tano, na haiponi kwa oili. Makadirio ya gia boksi ya mtumba ni 1,800,000, kwa hiyo inaachwa mpaka izidi. Anayeagiza Dar ahakikishe namba ya TY iliyo kwenye ganda: uwiano wa difu ya mbele ukitofautiana na wa nyuma, difu ya kati inakufa mapema sana.

Difu hiyo hiyo huuawa na matairi. Mtu akitoboka tairi moja barabara ya Paje, ananunua moja jipya na kuacha matatu yaliyokwisha. Mzunguko wa matairi usitofautiane zaidi ya kama milimita 6. Gari hii ilikuwa na mawili ya aina moja mbele na mawili tofauti nyuma. Ilipogeuzwa duara dogo ilirukaruka. Mawili makubwa zaidi yaliondolewa, yakawekwa ya akiba yenye mzunguko unaolingana, na kurukaruka kumekoma.

Kutu: matao ya nyuma, chini ya taruma za shokabzoba na kwenye mabomba ya breki. Gari kutoka mikoa ya theluji ya Japani huja tayari imekula chumvi ya barabarani, kisha inakutana na upepo wa bahari wetu. Kukata, kuchomelea, rangi ya zinki na nta ndani ya mashimo: 280,000. Ikirudi kutoka pwani, chini ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo.

29 Juni. Hesabu

Oili mara tatu, vali ya upumuaji, hozi, bolti na bomba la kunyonyea: 725,000.
Turbo: 700,000.
Mkanda, seti iliyotupwa, sili na tapeti: 1,172,000.
Klachi na flaiwili: 460,000.
Maji na joto: 670,000.
Umeme na hewa: 525,000.
Miguu, oili za gia, kutu: 950,000.
Ufundi wote, pamoja na ukaguzi: 790,000.
Nauli za spea: 165,000.

Jumla 6,157,000, zaidi ya nusu ya bei ya gari. Matairi hayamo, yalikuwa ya akiba. Oili ya mara ya tatu ilimwagwa wiki hii na filta ikakatwa: karatasi safi, hakuna dhahabu.

Zilizobaki: kondensa ya AC, gia ya tatu, na kupima presha ya oili tena kwa geji ifikapo kilomita 145,000.